Neno Moja Mpaka Liguse Moyo: Mwongozo wa Ibada ya Faragha kwa Njia ya Wapuritani

Wakristo wa siku hizi hatuna njaa ya maneno. Biblia iko kwenye simu, mahubiri yako redioni, nyimbo za injili zinaanza kupigwa kwenye daladala kabla jua halijachomoza. Mtu anaweza kusikia mistari ishirini kwa siku na jioni asikumbuke hata mmoja. Wapuritani wa Uingereza walikutana na ugonjwa huu karne nne zilizopita, na sehemu kubwa ya waliyoandika ni tiba yake: namna ya kukaa na neno moja mpaka lishuke kutoka akilini hadi moyoni, kisha ligeuke kuwa sala, kisha ligeuke kuwa mwenendo. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Wapuritani walikuwa Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza lisafishwe zaidi kwa Neno la Mungu, tangu miaka ya 1560 hadi mwisho wa karne ya 17. Jina lenyewe walibandikwa na waliowadhihaki. Wengi wanadhani walikuwa watu wakavu, wakunja uso, wenye sheria nyingi. Wasome, utashangaa wanavyozungumza kuhusu furaha. Na hawakuizungumzia wakiwa wamekaa raha. Mwaka 1662, siku ya tarehe 24 Agosti, wachungaji wapatao 2,000 walipoteza makanisa yao kwa kukataa kuapa kwamba watafuata kitabu cha sala cha serikali. John Bunyan, fundi wa masufuria, alikaa gerezani Bedford miaka 12 kwa sababu hakuahidi kuacha kuhubiri. Akiwa humo alisuka kamba za viatu ili mke na watoto wake, mmoja wao kipofu, wapate kula. John Owen alizaa watoto 11. Kumi walikufa wadogo, na binti mmoja aliyekua naye akafa kabla ya baba yake. Watu kama hawa wakikuandikia kuhusu faraja ya Mungu, wasikilize.

Hatua ya kwanza: anza na rehema, usianze na kujichunguza

Hili nalisisitiza kwa sababu wengi hukosea hapa. Mtu anasikia sifa za Wapuritani, anachukua kitabu kizito kuhusu dhambi, na baada ya wiki mbili amezama katika kujishtaki: je, nimeokoka kweli? Toba yangu ilikuwa ya kweli? Anaacha, na anakuwa mbaya kuliko alivyoanza.

Anza na Richard Sibbes. Alihubiri London na Cambridge, na mwaka 1630 alichapisha mahubiri yake juu ya Isaya 42:3: "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Hoja yake ni nyepesi kueleza na ngumu kuiamini. Utambi unaotoa moshi una harufu mbaya na hauangazi chumba, lakini moshi wenyewe ni ushahidi kwamba moto ungalipo. Kwa hiyo mwenye imani changa asijipime kwa ukubwa wa mwali. Aulize tu kama kuna cheche. Na Kristo, anasema Sibbes, ana rehema nyingi kuliko dhambi tulizo nazo.

Richard Baxter, ambaye tutamtumia sana hapa chini, alisaidiwa na kitabu hicho akiwa kijana. Mchuuzi maskini alipita mlangoni kwao na vitabu vyake, baba yake Baxter akanunua kimoja. Hakuna mkutano mkubwa katika habari hiyo, wala mhubiri mashuhuri. Ni mchuuzi tu na kitabu.

Wiki ya kwanza, basi, usifanye kingine. Soma Isaya 42:1–4 kila siku, polepole, pamoja na Mathayo 12:15–21 ambapo maneno hayo yanatajwa tena juu ya Yesu. Jiulize ni nani katika Injili alikuwa mwanzi uliopondeka, na Yesu alimtendea nini. Mwanamke mwenye kutokwa damu. Petro baada ya jogoo kuwika. Baba aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Orodha ni ndefu.

Hatua ya pili: weka saa na mahali

Baxter anashauri saa maalumu, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: jambo lisilo na saa huishia kutofanyika. Yeye mwenyewe alipenda jioni, kati ya jua kuzama na giza kuingia, akamtaja Isaka aliyetoka kutafakari kondeni wakati wa jioni (Mwanzo 24:63). Wewe chagua saa ambayo akili yako iko macho. Kama ni mama mwenye watoto wadogo, saa hiyo huenda ni alfajiri kabla nyumba haijaamka. Kama unafanya kazi ya zamu, itabadilika kila wiki na hakuna ubaya.

Mahali ni shida zaidi. Faragha ni anasa katika nyumba ya vyumba viwili vyenye watu saba. Fanya kama Isaka: toka nje, tembea. Kutembea kuna faida nyingine, kwamba hutasinzia. Simu ibaki nyumbani, au angalau izimwe data, na mstari wako uwe umeandikwa kwenye kipande cha karatasi.

Dakika 30 zinatosha. Dakika 15 pia zinatosha kuanzia.

Hatua ya tatu: tafakari

Hiki ndicho kiini, na ndicho kilichopotea zaidi makanisani mwetu. Thomas Watson, mchungaji wa London, alisema kwamba tunatoka kwenye kusoma Neno tukiwa baridi kwa sababu hatukujipasha joto kwenye moto wa kutafakari. Kusoma kunaleta kuni, ila hakuziwashi.

Kutafakari kwa Wapuritani hakuna uhusiano na kuondoa mawazo yote kichwani. Ni kinyume chake: unalichukua neno moja na kulifikiri kwa bidii, ukiligeuza upande huu na upande huu, kwa shabaha ya kuufikia moyo. Baxter aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha 1650 kuhusu pumziko la milele la watakatifu, kitabu alichokianza akiwa mgonjwa sana na akitazamia kufa. Anaeleza kwamba fikira ndiyo mlango. Hoja ikifikiriwa vizuri huamsha upendo, shauku, tumaini, ujasiri na furaha. Hisia anazitarajia, ila anataka zipite kwenye mlango wa ukweli. Ukweli ukikosekana, ngoma na sauti kubwa vinaweza kukupa machozi ambayo kesho yake asubuhi huwezi kueleza yalitoka wapi.

Tuchukue mfano halisi, Warumi 8:32: "Yeye asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote, atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye?"

Kwanza, tazama maneno yenyewe. "Hakumwachilia." Mungu alimwachilia Isaka pale mlimani, akatoa kondoo badala yake. Kwa Mwana wake hakukuwa na kondoo wa badala. Kaa hapo. Usikimbilie nusu ya pili ya mstari.

Kisha uliza: alimtoa nani? "Mwana wake mwenyewe." Si malaika, ambao anao maelfu. Alimtoa wapi? Mikononi mwa watu waliomtemea mate. Kwa ajili ya nani? "Yetu sisi sote." Ingiza jina lako hapo, pamoja na lile jambo ambalo hutaki mtu alijue.

Sasa fuata hoja ya Paulo, maana anajenga hoja. Anatoka kwenye kikubwa kwenda kwenye kidogo. Aliyekwisha kutoa kilicho cha thamani kuliko vyote, atakubania vilivyo vidogo? Linganisha hilo na kinachokukosesha usingizi wiki hii: kodi ya nyumba, ada ya muhula wa pili, majibu ya hospitali, mtoto asiyepiga simu. Weka jambo hilo kando ya msalaba na upime lipi lilikuwa gumu zaidi kwa Mungu kulitoa.

Mwisho, uliza: kama mstari huu ni kweli, ni wasiwasi gani wangu unaomwita Mungu mwongo? Hapo utahisi kitu kikigusa. Pengine aibu, pengine nafuu, pengine vyote viwili. Usiondoke bado.

Hatua ya nne: ihubirie nafsi yako

Zaburi 42:5 inasema, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Mtunga zaburi hajiachi asikilize tu manung'uniko ya moyo wake, anaukabili na kuujibu. Baxter alilifanya hili kuwa sehemu rasmi ya tafakari, na kwa maoni yangu ndiyo zana yenye nguvu kuliko zote walizotuachia.

Namna yake: baada ya kufikiri, geukia nafsi yako na useme nayo kama mhubiri anavyosema na mshirika mmoja aliyebaki kanisani. Kwa sauti ya chini ikiwezekana. Umweleze ukweli, kisha umuulize, kisha umkemee kama anastahili, kisha umtie moyo. "Wewe nafsi yangu, umesikia kwamba hakumwachilia Mwana wake. Basi unaogopa nini? Ni lini alikuacha? Yule aliyekulisha wakati ule huna kazi, amebadilika?" Dakika tano za namna hii zina faida kuliko saa ya kuzunguka na hofu kichwani. Wakorofi watasema unaongea peke yako. Mtunga zaburi pia aliongea peke yake.

Hatua ya tano: omba kutokana na ulichofikiri

Sasa omba, na uanze na maneno ya mstari wenyewe. Watu wengi huwa na kurasa mbili tofauti: kusoma ni huku, kuomba ni kule, na sala ni ile ile ya jana. Wapuritani waliunganisha. Ulichotafakari ndicho kinachokuwa shukrani yako, ungamo lako na ombi lako. Mwaka 1710 Matthew Henry, mwana wa mmoja wa wale wachungaji waliofukuzwa 1662, alitoa kitabu kizima kinachopanga maneno ya Biblia kuwa maneno ya kuomba, kwa ajili ya watu wanaosema hawana cha kusema mbele za Mungu.

Kwa Warumi 8:32 sala yaweza kuwa fupi kabisa: Bwana, hukumwachilia Mwanao. Nisamehe kwa kukuona kama bahili. Nipe leo ninachohitaji, na usichonipa nikubali kwamba hukuninyima kwa uchoyo.

Hatua ya sita: hesabu ya jioni

Kabla ya kulala tazama siku yako kwa muda mfupi. Wapuritani wengi waliweka shajara. Daftari la shule linatosha, lifichwe vizuri. Andika mambo mawili tu: rehema uliyoiona, na dhambi unayoitubu. Rehema ianze.

Kwa toba, Watson ana mwongozo mzuri katika kitabu chake cha 1668. Anataja viungo sita: kuiona dhambi, kuihuzunikia, kuiungama, kuionea aibu, kuichukia, na kuiacha. Anasema kimoja kikikosekana, toba inapoteza nguvu. Vitumie kama maswali. Utagundua haraka kwamba wengi wetu tunatoka kwenye cha kwanza na kurukia cha tatu. Tunaungama tusichokihuzunikia, na ndiyo maana Jumamosi ijayo tunaungama kitu kile kile.

Waliolelewa katika uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotokea Gahini, Rwanda, watauliza kwa nini ungamo hili ni la siri wakati wao walizoea kuungama mbele ya ndugu. Yanaweza kwenda pamoja. Ila kwa uzoefu wangu, anayeungama hadharani bila kuwa na tabia ya kuungama faraghani huishia kutafuta wasikilizaji.

Hatua ya saba: iue dhambi moja

Sasa, na si kabla ya sasa, mfungue John Owen. Kitabu chake cha 1656 juu ya Warumi 8:13, "kama mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho, mtaishi", kilitokana na mahubiri aliyoyatoa Oxford, kwa hiyo wasikilizaji wake wengi walikuwa vijana wa chuo. Sentensi yake inayojulikana zaidi inasema uwe unaiua dhambi, la sivyo yenyewe itakuua wewe. Lakini thamani ya kitabu iko katika mambo madogo anayoyabaini.

La kwanza, anasema dhambi iliyohama haijafa. Mzee aliyeacha tamaa za ujanani si lazima awe amezishinda. Huenda amebadilisha tu bwana anayemtumikia. Aliyeacha pombe akawa mtumwa wa fedha ajichunguze hapa.

La pili, anauliza kwa nini unataka kuiacha dhambi hiyo. Kama ni kwa sababu inakuaibisha au inakukosesha amani, basi unajipenda tu. Na kama unapigana na dhambi moja inayokusumbua huku ukizilea nyingine zisizokusumbua, usitegemee msaada wa Mungu katika hiyo moja. Anayelia kila usiku kwa sababu ya picha chafu kwenye simu, na mchana anawapunja wafanyakazi wake mshahara, ameshaelewa Owen anasema nini.

La tatu, chunguza nafasi zake. Ni saa ngapi dhambi hii huja? Baada ya nini? Ukiwa na nani? Ipinge ikiwa bado wazo, wakati ingali dhaifu.

La nne, ambalo sijaliona likifundishwa mara nyingi: usijipe amani kabla Mungu hajakupa. Tunapenda kukariri upesi mstari wa msamaha ili dhamiri inyamaze. Owen anasema neno la amani likitoka kwa Mungu huja na chuki dhidi ya dhambi na upendo kwa Kristo. Ulilojipa mwenyewe hunyamazisha tu.

Kisha anamaliza pale Sibbes alipoanza, kwa Kristo. Mtazamie yeye, anasema, utegemee msaada wake kwa imani, kwa sababu nguvu ya kuua dhambi inatoka kwenye kifo chake, nayo hutendwa na Roho. Anayefanya hatua hii kwa nguvu zake atachoka kabla ya mwezi kwisha.

Chagua dhambi moja. Kaa nayo mwezi mzima.

Nyumbani na Siku ya Bwana

Haya nayapitia haraka kwa sababu hayana siri. Baxter alipokuwa Kidderminster, mji wenye familia zipatazo 800, yeye na msaidizi wake walitenga siku mbili za kila wiki kuzungumza na familia moja moja kuhusu imani, kwa kutumia katekisimu. Baba na mama wanaweza kuanza hivyo hivyo: mlango mmoja wa Biblia, swali moja, sala fupi, dakika kumi. Katekisimu Fupi ya Westminster ya 1647 ni nzuri kwa watoto, na swali lake la kwanza linatosha wiki nzima: kusudi kuu la mwanadamu ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Waulize watoto neno "kumfurahia" linafanya nini hapo.

Jumapili, baada ya ibada, kabla ya habari za nani alivaa nini, kila mmoja aseme jambo moja alilolisikia kwenye mahubiri. Likigoma mara ya kwanza, usilazimishe.

Siku moyo ukiwa mkavu

Zitakuja, na zitakuja nyingi. Bunyan, katika kitabu chake cha 1678 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Safari ya Msafiri, anawatia Mkristo na mwenzake katika ngome ya jitu liitwalo Kukata Tamaa. Wanapigwa, wanashauriwa wajiue. Wanatoka vipi? Mkristo anakumbuka kwamba kifuani mwake ana ufunguo uitwao Ahadi, alikuwa nao muda wote. Unafungua kila mlango wa ngome.

Kwa hiyo siku za ukavu usitafute hisia. Chukua ahadi moja na uishike hata kama haikugusi. Punguza muda, usiache. Kama huwezi kuomba, soma zaburi kwa sauti. John Flavel, aliyechunga watu wa mji wa bandari wa Dartmouth, aliandika mwaka 1668 juu ya Mithali 4:23, "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo", na alitaja nyakati kumi na mbili ambazo moyo unahitaji kulindwa kwa namna yake. Wakati wa kwanza kwenye orodha yake ni wa mafanikio. Dhiki inafuata. Ukiwa mkavu, angalia kama hujapandishwa cheo hivi karibuni.

Pia lala. Baxter alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote, na alijua kwamba baadhi ya huzuni ni za mwili na zinahitaji tabibu.

Vitabu, na tahadhari moja

Wasome kama ndugu wakubwa, usiwasome kama mitume. Kuna jambo msomaji Mwafrika hawezi kulifumbia macho: baadhi yao walimiliki watumwa. Cotton Mather, mchungaji Mpuritani wa Boston, Marekani, alipewa mtumwa na washirika wake mwaka 1706, akamwita Onesimo. Huyo Onesimo ndiye aliyemweleza jinsi watu wa kwao walivyojikinga na ndui kwa kuchanjwa, na elimu yake ikatumika Boston wakati wa mlipuko wa 1721. Kwa upande mwingine Baxter, mwaka 1673, aliandika kwamba wanaokwenda kuwakamata Waafrika wasio na kosa na kuwauza wanafanya wizi mbaya kuliko karibu wizi wote duniani. Mapokeo mamoja, Biblia moja. Lisome hilo likufundishe kuuliza ni dhambi gani za zama zetu ambazo tunazipita tukiimba.

Kuhusu mpangilio: Safari ya Msafiri kwanza kama husomi Kiingereza kwa urahisi. Kama unakisoma, maandishi ya hawa wote hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure kwenye intaneti. Anza na Sibbes, kisha Watson kuhusu toba, maana sentensi zake ni fupi kuliko za wenzake. Mwenye tatizo la kunung'unika amsome Jeremiah Burroughs, ambaye kitabu chake cha 1648 kinasema kuridhika huja zaidi kwa kupunguza matamanio kuliko kwa kuongeza mali. Baxter na Flavel baadaye. Owen mwisho, sentensi zake ni ndefu na atakuchosha, kwa hiyo msome kurasa tatu kwa siku, ukiwa na mwenzako mmoja wa kujadiliana naye kila Jumamosi.